Nyumba ya Umoja wa Wahitimu: Umiliki, Matunzo na Hesabu za Fedha

Wapo waamini wengi katika majimbo ya Shinyanga, Kahama na Geita ambao imani yao ilikomaa wakiwa masomoni. Wengine walipitia seminari ndogo kama Makoko kule Musoma au Nyegezi, wakaondoka bila kuendelea na safari ya upadre. Wengine walisoma Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, au hapa karibu Kizumbi, kwenye tawi la Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, wakisali pamoja katika umoja wa wanafunzi Wakatoliki chini ya padre mlezi. Masomo yakiisha, udugu huo hauishi. Huzaliwa umoja wa wahitimu, wenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na mkutano wa mwaka unaoanza kwa Misa na kumalizika kwa chakula.

Baadhi ya umoja huo hupiga hatua ya pili: hupata nyumba. Huwa ni jengo la vyumba sita au kumi lililo jirani na chuo, ambamo wanafunzi Wakatoliki wanaokuja nyuma yao hupanga kwa bei nafuu, husali rozari jioni, na wahitimu wenyewe hukutanika humo mara moja kwa mwaka. Makala haya yanahusu nyumba ya namna hiyo. Tumeyaandika kwa sababu maswali tunayoletewa na waamini juu ya jambo hili hayahusu sala wala malezi. Karibu yote yanahusu hati, kodi, paa linalovuja, na fedha ambazo hakuna anayejua ziko wapi.

Umoja ulio na mali si kama umoja usio na mali

Wasukuma wanaufahamu umoja wa vijana tangu zamani. Vijana wa kijiji walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, aliyewapanga kwenda kulima shamba la mtu kwa pamoja, na walichopata kwa jasho hilo walikila pamoja. Ulikuwa udugu wa kweli, wenye nidhamu na faini zake. Lakini haukuwa na ghala la kuacha nyuma: mapato yaliliwa, na msimu uliofuata kazi ikaanza upya.

Nyumba hubadili mambo. Jengo huishi kuliko waliolijenga. Kijana aliyechangia matofali mwaka wa kwanza wa ajira yake atastaafu, atafariki, na nyumba itakuwa bado imesimama, ikidai rangi, kodi na mlinzi. Kwa hiyo umoja uliojipatia nyumba hauwezi kuendelea kuongozwa kama kundi la marafiki wanaofahamiana kwa majina ya utani ya bwenini. Unahitaji mmiliki asiyekufa.

Nani anaandikwa kwenye hati?

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, nasi tutakaa hapa kwa kitambo.

Njia inayotumika mara nyingi, kwa haraka na kwa nia njema, ni kumwandikisha mwanachama mmoja mwaminifu. Kiwanja kinapatikana ghafla, muuzaji anataka jina la mtu kwenye mkataba, umoja haujasajiliwa popote. Basi mwenyekiti anasaini kwa jina lake. Kila mmoja anajua kwamba nyumba ni ya wote. Miaka kumi na miwili baadaye mwenyekiti anafariki. Mahakama inamteua msimamizi wa mirathi, naye kwa wajibu wake anakusanya mali zote zilizo kwa jina la marehemu. Mjane na watoto wanaiona hati yenye jina la mume na baba yao. Hawajawahi kuhudhuria mkutano wa wahitimu hata mmoja. Je, tutawaita wezi? Hapana. Wanashika karatasi halali, na wale wanaodai nyumba hawana karatasi yoyote isipokuwa daftari la michango lenye kurasa zilizochanika. Tunafahamu umoja mmoja uliopoteza nyumba kwa namna hii hii, na uchungu wake haukuwa wa jengo peke yake: watu waliokuwa wakiitana ndugu walikutana mahakamani na familia ya ndugu yao, na hadi leo hawapeani mkono wa amani.

Sheria za nchi zinatoa njia iliyo wazi. Umoja wenyewe husajiliwa kwa Msajili wa Vyama chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 337. Kwa ajili ya kushika mali, umoja huteua wadhamini, nao husajiliwa chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, kwa Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye ofisi yake iko RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Wadhamini wakishasajiliwa huwa chombo kimoja mbele ya sheria: chenye muhuri wake, kinachoweza kushtaki na kushtakiwa, na kinachoendelea kuwapo hata mdhamini mmoja mmoja akifa au akijiuzulu. Hati ya ardhi ikiandikwa kwa jina la chombo hicho, hakuna mirathi inayoigusa. Ila mdhamini anapobadilika, RITA wajulishwe. Tumeona mabodi ambayo wadhamini wake watatu kati ya watano walikwisha kufariki na hakuna aliyepeleka majina mapya. Bodi ya namna hiyo ipo kwa jina tu, na benki itakataa kuitambua siku ya shida.

Njia nyingine ni kujenga kwenye kiwanja cha parokia au cha jimbo. Jimbo hushika mali zake kwa jina la Wadhamini Waliosajiliwa, na njia hii ina usalama mkubwa, lakini wahitimu waielewe kabla ya kumwaga msingi. Katika sheria ya ardhi ya Tanzania, jengo lililoshikamana na ardhi huhesabika kuwa sehemu ya ardhi hiyo. Ukijenga juu ya kiwanja cha jimbo, umelijengea jimbo. Umoja utakuwa mtunzaji, wala si mmiliki. Hilo si baya hata kidogo, mradi pawepo makubaliano ya maandishi: nani anapanga kodi ya vyumba, nani analipa matengenezo, padre mlezi ana mamlaka gani, na je, paroko mpya anaweza kuigeuza nyumba kuwa ofisi ya kigango. Maparoko huhamishwa. Makubaliano ya mdomo kati ya mwenyekiti na paroko huhama pamoja na paroko.

Sheria ya Kanisa inasemaje?

Waamini wengi hudhani kwamba umoja wowote wenye jina la mtakatifu tayari ni chombo cha Kanisa. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 unatofautisha. Waamini wana haki ya kuunda vyama kwa ajili ya upendo na uchaji (Kan. 215), na vyama hivyo ni vya aina mbili: vya hadhara, vinavyosimikwa na mamlaka ya Kanisa, kwa ngazi ya jimbo akiwa Askofu mahalia (Kan. 312), na vya binafsi, vinavyoundwa kwa makubaliano ya waamini wenyewe (Kan. 299). Hakuna chama kinachoruhusiwa kujiita "Katoliki" bila ridhaa ya mamlaka husika (Kan. 300). Wahitimu wengi hushangaa kusikia hilo, kwa sababu neno hilo tayari limechapwa kwenye fulana zao.

Tofauti hii hugusa mali moja kwa moja. Mali za chama cha hadhara ni mali za Kanisa (Kan. 1257), na viongozi wake hutoa hesabu kila mwaka kwa mamlaka ya Kanisa (Kan. 319). Chama cha binafsi husimamia mali zake kwa uhuru kufuatana na katiba yake, lakini mamlaka ya Kanisa ina haki ya kuangalia kwamba mali hizo zinatumika kwa malengo ya chama (Kan. 325). Hivyo mwanachama anayesema "Askofu hahusiki na fedha zetu" anakosea, na padre anayedai kushika kitabu cha hundi cha chama cha binafsi anakosea vilevile.

Kanuni mbili zaidi zinastahili kubandikwa ukutani katika chumba cha mkutano. Ya kwanza ni Kan. 1267: sadaka iliyotolewa na waamini kwa lengo fulani itumike kwa lengo hilo tu. Ya pili ni Kan. 1284, inayoorodhesha wajibu wa msimamizi wa mali za Kanisa: kuhakikisha umiliki unalindwa kwa njia halali za sheria ya nchi, kuweka bima inapohitajika, kuandika vitabu vya mapato na matumizi kwa utaratibu, kutayarisha taarifa kila mwisho wa mwaka, na kutunza nyaraka zote katika mahali palipo salama. Wajibu huo umeandikwa kwa ajili ya mali za Kanisa, lakini hatujaona umoja wa binafsi uliodhurika kwa kuufuata.

Mfano kutoka mbali

Nchini Marekani vyama vya udugu wa wanafunzi vina historia ndefu. Phi Beta Kappa ilianzishwa mwaka 1776. Baadaye wanafunzi Wakatoliki nao walianzisha vyama vyao: Phi Kappa katika Chuo Kikuu cha Brown mwaka 1889 na Theta Kappa Phi katika Chuo Kikuu cha Lehigh mwaka 1919, ambavyo viliungana mwaka 1959 na kuwa Phi Kappa Theta. Katika tamaduni zao yapo mengi ambayo hatuyatamani, na ulevi ni mojawapo. Lakini wana desturi moja yenye busara. Kwa kawaida wanafunzi wanaoishi ndani ya nyumba si wamiliki wake. Wahitimu huunda chombo tofauti, kilichosajiliwa, ambacho hushika hati, hukusanya kodi, hulipa bima na kuamua juu ya matengenezo makubwa. Kijana wa miaka ishirini huongoza sala na maisha ya ndani; hapewi uwezo wa kuiweka nyumba rehani. Chama cha wanafunzi kikifungiwa au kikikosa wanachama kwa miaka mitatu, nyumba hubaki.

Fedha katika ukanda wa dhahabu

Tunapokuja kwenye hesabu, kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya uhasibu havilitaji. Katika ukanda huu fedha huja kwa mafuriko na kuondoka kwa ukame. Mwanachama aliyeajiriwa mgodini, au mwenye duara huko Nyarugusu lililotema mwezi uliopita, anaweza kusimama kwenye mkutano mkuu na kuahidi mabati ya nyumba nzima. Watu hupiga vigelegele, jina lake huandikwa kwenye bango, na wenye mishahara ya ualimu hujisikia kwamba elfu ishirini zao hazina maana tena. Mwaka unaofuata hawatoi.

Kisha mgodi hubadilika. Machi 2017 serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia nje ya nchi, na kabla ya mwaka kwisha Bulyanhulu ilipunguza shughuli na wafanyakazi wengi wakarudi nyumbani. Buzwagi, uliofunguliwa mwaka 2009 karibu kabisa na mji wa Kahama, ulifikia mwisho wa uzalishaji mwaka 2021. Umoja uliotegemea wafadhili wanne wa mgodini ulibaki na mabati mapya na ankara za maji zisizolipwa. Hatusemi zawadi kubwa ikataliwe. Tunasema itumike kwa kitu kinachofanywa mara moja, kama paa, kisima au uzio, na gharama za kila mwaka zibebwe na ada ndogo ya wote. Ada ya elfu ishirini kutoka kwa watu sitini inashinda ahadi ya milioni tano, kwa kuwa inarudi tena mwakani.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Nyumba ina vyumba 8, kila kimoja wanafunzi 2, kila mwanafunzi analipa shilingi 40,000 kwa mwezi. Chuo huwa na miezi 8 ya masomo. Likizo vyumba viko tupu. Mapato ya mwaka ni shilingi 5,120,000. Mlinzi hana likizo: kwa 150,000 kwa mwezi anachukua 1,800,000. Maji, umeme wa nje na usafi tuseme 1,200,000, matengenezo madogo 800,000. Yanabaki 1,320,000. Mweka hazina asiye makini ataita hiyo faida. Lakini paa lina umri, na kama kulibadili baada ya miaka 20 kutagharimu milioni 24, basi kila mwaka nyumba inakula 1,200,000 ya paa lake, ingawa hakuna anayeandika hundi. Kilichobaki kweli ni 120,000. Hakitoshi hata godoro mbili.

Umeme una jambo lake dogo. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Ikiwa wanafunzi ndio wanaonunua umeme, wao ndio wanaolipa kodi ya mwenye nyumba bila kujua, na haki inadai warudishiwe au wapunguziwe kwenye pango.

Misiba

Sasa tuseme lile linalomaliza fedha za nyumba kuliko mchwa na mvua. Ni rambirambi.

Mwanachama amefiwa na mama yake huko Maswa. Katibu anatuma ujumbe usiku, kesho ni mazishi, michango haijaingia. Akaunti ya nyumba ina milioni mbili. Nani atasimama kusema zisiguswe? Umoja usiokwenda kumzika mama wa ndugu yao ni umoja gani? Basi laki tano zinatolewa "kwa mkopo", na zinakuja kufidiwa kwa nusu. Baada ya misiba minne paa halina fungu, na hakuna mtu mmoja wa kulaumiwa, kwa sababu kila aliyeidhinisha alitenda tendo la huruma.

Hatuoni dawa nyingine isipokuwa kutenganisha mifuko tangu siku ya kwanza, na kutenganisha kwa kweli, kwa akaunti mbili: mmoja wa nyumba, mwingine wa rambirambi wenye kiwango kinachojulikana, sawa kwa mwenyekiti na kwa mwanachama wa kawaida. Mfuko wa rambirambi ukikauka, wanachama wachange upya siku hiyo hiyo kama wanavyofanya kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo. Mchango wa pango uliotolewa na mwanafunzi maskini kwa ajili ya malazi yake si haki kuugeuza, hata kwa tendo jema, Kan. 1267 haiwekei misiba ubaguzi.

Vivyo hivyo kwa tabia ya kugeuza mfuko wa nyumba kuwa VICOBA, wanachama wakikopeshana kwa riba ndogo ili "fedha zisilale". Fedha za paa zina haki ya kulala. Anayetaka kukopa ajiunge na SACCOS yenye leseni.

Akaunti iwe na watia saini watatu, wawili wakihitajika kwa kila malipo, na wasiwe mtu na shemeji yake. Michango isipokelewe kwenye namba ya simu binafsi ya mweka hazina, hata awe mcha Mungu kiasi gani. Siku simu inapoibiwa, yeye ndiye atakayeteseka kwanza. Kwenye mkutano mkuu, taarifa ya fedha isomwe ikiwa na taarifa ya benki pembeni, na wanafunzi wanaoishi ndani wapewe nakala. Wao ndio wanaojua kama bomba lililoandikwa kuwa limetengenezwa limetengenezwa kweli.

Jengo lenyewe

Sehemu kubwa ya Shinyanga imekaa juu ya udongo mweusi wa mbuga. Udongo huu hufura ukinywa maji na kupasuka ukikauka, na nyumba iliyo juu yake hupanda na kushuka kila mwaka kwa kiasi kisichoonekana, hadi siku ufa unapotokea juu ya dirisha. Kupaka plasta juu ya ufa ni kupoteza saruji. Kinachosaidia ni kuyaweka maji mbali na msingi: mifereji ya mabati, njia ya saruji inayoizunguka nyumba, na miti mikubwa isipandwe karibu na ukuta. Anayejenga upya amlipe fundi anayejua kupima udongo, maana msingi unaofaa kwenye kichanga cha mlimani haufai bondeni. Kuzunguka Geita, kwenye ardhi ya mawe na wekundu, tatizo huwa zaidi mmomonyoko na mchwa.

Mwezi wa Septemba, kabla ya mvua, watu wawili wapande juu ya paa: mmoja mhitimu, mmoja mwanafunzi. Wakague misumari, mifereji, mbao za kenchi, kisha washuke waangalie shimo la maji taka. Waandike walichokiona katika daftari linalobaki ndani ya nyumba. Tangu maji ya Ziwa Viktoria yalipofika Shinyanga na Kahama mwaka 2009 wengi wameacha kutunza matangi yao ya mvua, tunashauri yasibomolewe.

Kifungu kinachosahaulika

Katiba nyingi tulizozisoma zina kurasa mbili juu ya sare na hazina hata mstari mmoja juu ya siku ambayo umoja utakoma. Chuo huhamishwa, wanachama hupungua, mkutano mkuu hukosa akidi miaka mitatu mfululizo. Kan. 326 inaelekeza kwamba mali za chama cha binafsi kilichokoma zifuate katiba yake, bila kuvunja haki za watu na nia ya waliotoa. Katiba isiposema, hubaki mabishano. Iandikwe kwamba nyumba itakwenda kwa nani, kwa mfano kwa jimbo kwa ajili ya malezi ya wanafunzi, na nani ana mamlaka ya kutamka kwamba umoja umekoma. Kifungu hicho kipitishwe na mkutano mkuu, kipelekwe kwa Msajili wa Vyama na RITA pamoja na katiba iliyorekebishwa, na nakala yake, pamoja na nakala ya hati, iwekwe katika kumbukumbu za ofisi ya jimbo.